UZI: Bomba likifika kijijini, kinachobadilika kwanza ni saa. Afya huja baadaye, tena kwa masharti

Kichoteo

Wakuu, salaam.

Kila mradi wa maji vijijini ukizinduliwa, hotuba huwa ile ile: maji safi yamefika, magonjwa kwaheri. Mwaka unapita, rejista ya zahanati bado imejaa kuhara, na wanakijiji wanaanza kunong'ona kwamba mradi haukusaidia kitu. Umesaidia, ila mabadiliko yana mpangilio wake, na asiyeujua huishia kupima kitu ambacho wakati wake haujafika. Naomba mafundi, watu wa vyombo vya watumia maji na wataalamu wa ubora wa maji tuchambue humu kwa namba.

Tuanze na viwango. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, kisizidi mita 400 kutoka kwenye kaya, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Hizo mita 400 ni za zamani: mpango wa miaka 20 ulioanza 1971 ulilenga hadi kufikia 1991 kila mwanakijiji awe na maji ndani ya umbali huo. Lengo halikufikiwa.

Chukua kaya ya watu 6. Lita 25 kwa kila mmoja ni lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Chanzo kikiwa kilomita 2, kwenda na kurudi ni kilomita 4; ni zaidi ya saa moja, kwa sababu anarudi na kilo 20 kichwani. Hakuna mama atakayekwenda mara saba. Atakwenda mara mbili au tatu, kaya ipate lita 40 hadi 60. Maji ya kunywa na kupika yatapatikana, kuoga kutakuwa kwa zamu, na nguo zitapelekwa huko huko mtoni.

Kituo kikija mita 400, safari inakuwa dakika kumi na kitu pamoja na foleni fupi. Hapo ndipo saa zinapookolewa: mtoto wa kike anawahi mstarini shuleni, mama anamaliza palizi kabla jua halijawa kali. Hilo huonekana ndani ya wiki ya kwanza na halihitaji utafiti.

Lita ni habari nyingine. Waliochunguza matumizi ya maji vijijini waliona mapema kwamba safari ikizidi nusu saa watu hupunguza kiasi wanachochota. Ikiwa kati ya dakika 5 na 30 kiasi hakibadiliki sana. Na kinapanda kweli pale tu bomba linapoingia uani. Maana yake, kituo cha mita 400 kinampa mama muda, lakini maji ya kunawa kila mara na kuosha nyuso za watoto bado yatabanwa. Kwa maeneo kama Kongwa, ambako trakoma (ugonjwa wa macho unaopofusha) imesumbua miaka mingi, uso wa mtoto kuoshwa ni sehemu kubwa ya kinga, na unaoshwa pale maji yanapokuwa hayahesabiwi kwa kikombe.

Kwa hiyo mimi naweka hivi: kwanza muda, kisha lita, mwisho ubora. Aliye na hoja tofauti aje.

Ndoo_Ishirini

Mkuu, hapo mwisho nakupinga. Maji ya kisima kirefu kilichofunikwa vizuri ni safi tangu siku ya kwanza. Kwa nini ubora uwe mwisho?

Mpimamaji

@Ndoo_Ishirini kwenye kisima ni safi, sawa. Ila mtoto hanywi kisimani, anakunywa nyumbani.

Kuna utafiti uliofanyika Busia, magharibi mwa Kenya, ambako chemchemi zilijengewa ili maji yatoke kwenye bomba badala ya kuchotwa kwenye dimbwi. Uchafu wa kinyesi kwenye chanzo ulipungua kwa takribani theluthi mbili. Kwenye vyombo vya nyumbani ulipungua kwa takribani robo tu. Kuhara kwa watoto kulishuka, kwa kama robo. Kilichobaki kinaingia njiani na nyumbani: dumu lenye utelezi wa kijani ndani, ndoo isiyo na kifuniko, kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole.

Dumu lisafishwe kila wiki: tia kokoto ndogo au mchanga mnene, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza mpaka utelezi uishe. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki chini. Ndoo ya koki inazuia mikono kuliko mahubiri yoyote.

Kwenye skimu ya bomba, tibu kwenye tangi. Tangi la lita 50,000 ukitaka miligramu 2 za klorini kwa lita, unahitaji gramu 100 za klorini halisi. Unga wa dukani huwa na asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo gawa: 100 kwa 0.65, unapata gramu 154 za unga. Koroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa itulie, mimina yale maji ya juu, kisha subiri nusu saa kabla ya kufungulia. Kipimo kinachoamua ni kile cha bomba la mwisho kabisa: klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na 0.5 ni nzuri zaidi. Ikisoma sifuri pale mwisho huku tangini ipo, kuna uchafu unaoila njiani, mara nyingi bomba lililopasuka mahali pa tope. Usiongeze dozi, katafute tobo.

Maji yakiwa na tope, klorini hupotea bure. Yachuje au yatulize kwanza. Na unga uliokaa wazi stoo miezi kadhaa hauna tena nguvu iliyoandikwa kwenye kopo. Funga kopo vizuri, liweke pakavu, lisikae jirani na mafuta wala na pampu yenyewe, maana mvuke wake unakula chuma.

Kichoteo

Hapo nimeongezewa. Nikazie jambo moja: faida ya afya inataka mfululizo. Kituo kikifa wiki moja, watu wakarudi kwenye lambo, siku hizo chache zinatosha kufuta sehemu kubwa ya kilichopatikana mwaka mzima. Ndiyo maana mimi huuliza siku ngapi kituo kilikaa kimya mwaka jana, kabla ya kuuliza vimejengwa vingapi. Mafundi mko wapi?

SpanaMoja

Tupo mkuu. Nizungumzie pampu za mkono, hasa Afridev, kwa sababu bado ndizo zinazobeba vitongoji ambavyo bomba halijafika.

Kwanza mtu asidanganywe na kile kiwango cha watu 250. Afridev ikivuta kutoka mita 15 inatoa kama lita 1,100 kwa saa. Ikivuta kutoka mita 30 inashuka hadi kama lita 700. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250. Gawa mwenyewe: kwenye mita 30 ni karibu saa tisa za kupampu bila kupumzika. Ndiyo maana foleni inaanza alfajiri hata pampu ikiwa nzima. Na ikizidi mita 45 usiifunge kabisa, mpini unakuwa mzito na fimbo zinakatika.

Vipimo viwili ambavyo kamati yoyote inaweza kufanya bila fundi, kila mwezi:

Cha kuvuja: pampu mpaka maji yatoke, acha nusu saa, kisha anza tena huku unahesabu. Maji yakichukua zaidi ya mipigo mitano kutoka, valvu ya chini inavuja, au oringi yake (kipira cha mviringo), au kuna kiungo cha bomba kilichoachia.

Cha kiasi: pampu mfululizo mipigo 40 kamili kwa dakika moja, maji yaingie kwenye ndoo. Yasipofika lita 10, mpira wa pistoni umelika.

Ule mpira wa pistoni, zile bobini mbili, yaani vipira vya valvu (moja ya pistoni, moja ya valvu ya chini), oringi na bushi za plastiki za mpini vibadilishwe kila mwaka hata kama pampu inatoa maji. Watu husubiri ife. Bushi ikilika, chuma kinasaga chuma, na hapo bushi ya bei ndogo inageuka kuwa mpini mpya.

Kazi yenyewe: fungua kifuniko cha kichwa, legeza nati za pini, toa mpini, kisha vuta fimbo kwa mkono moja baada ya nyingine mpaka pistoni itoke. Bomba la kupandisha maji usiliguse. Afridev imeundwa hivyo makusudi, silinda iko wazi juu na kila kitu kinapita ndani ya bomba. Funga chombo cha kuopolea kwenye fimbo ya mwisho, shusha, nasa valvu ya chini, vuta. Osha, badilisha vipira, rudisha valvu, isukume ikae, rudisha pistoni na fimbo. Watu wawili wenye mazoezi wanamaliza asubuhi moja kwa spana moja na hicho chombo. Weka fimbo juu ya turubai au magogo, zisiguse udongo, maana udongo huo unaingia kisimani.

Baada ya hapo tia klorini. Mfano wa kisima kifupi chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3: hapo kuna kama lita 3,400. Kwa miligramu 50 kwa lita unahitaji gramu 170 halisi, yaani unga wa asilimia 65 gramu 260 hivi. Acha usiku mzima, weka kamba na alama ili mtu asichote, kesho yake pampu mpaka harufu iishe. Maji hayo usiyaelekeze bustanini wala kwenye bwawa la samaki.

Kwa_Mzee_Juma

Fundi, shikamoo kwa ujuzi. Swali: pampu yetu ni ile ya mabomba ya chuma, asubuhi inatoa maji mekundu yenye ladha ya kutu, na ugali unabadilika rangi. Akina mama wameikimbia, wamerudi mtoni. Kisima kibovu?

SpanaMoja

Usikihukumu kisima kabla ya kupima. Chukua glasi ya kwanza alfajiri kabla mtu hajapampu. Pampu mfululizo kama dakika 20, chukua glasi ya pili. Ya pili ikitoka angavu na ikabaki angavu, tatizo ni mabomba: maji yenu yana asidi, yamelala usiku kucha yakila chuma. Dawa ni kung'oa mabomba na fimbo za chuma, kuweka bomba la plastiki na fimbo za chuma kisichoshika kutu. Ukiweka mabomba mapya ya chuma kile kile, baada ya muda mtarudi hapa hapa.

Lakini glasi ya pili ikitoka angavu kisha ikageuka nyekundu baada ya kukaa, madini ya chuma yanatoka ardhini. Hapo unahitaji kuyapa maji hewa, yaanguke kwa matone, halafu yapite kwenye mchanga. Madini hayo hayaui, ila kama ulivyosema, yanawarudisha watu mtoni, na mto ndio unaoua.

Jua_la_Singida

Nije kwenye skimu za umeme wa jua, maana siku hizi kila kijiji kinazitaka na wauzaji wanakisia tu.

Kijiji cha watu 1,500: lita 37,500. Ng'ombe 400 kwa lita 25 kila mmoja: lita 10,000. Tafadhali wahesabuni ng'ombe. Usipowajengea mbauti yao, watakunywa kwenye kituo cha watu, wavunje sakafu, na kinyesi kiingie pale pale unapoita maji safi. Ongeza asilimia 20 ya uvujaji na ukuaji, unafika mita za ujazo 57 kwa siku.

Sasa kimo. Maji yakishuka wakati wa kupampu yanasimama mita 60 chini, tangi liko mita 15 juu ya ardhi, msuguano kwenye bomba mita 5. Jumla 80. Zidisha 57 kwa 80 kwa 2.725 (wati-saa za kuinua mita moja ya ujazo kimo cha mita moja), unapata kama wati-saa 12,400 za kuinua maji peke yake. Ufanisi wa pampu, mota na kidhibiti kwa pamoja uhesabu asilimia 45 hivi, kwa hiyo gawa kwa 0.45: kama kilowati-saa 27.6. Jua la kati ya nchi lihesabu sawa na saa 5 za jua kali kamili kwa siku, unapata kilowati 5.5, ongeza robo kwa joto na vumbi, unafika karibu 7. Hizo ni paneli 18 za wati 400.

Ila kabla ya kununua paneli, muulize mchimbaji kisima kinatoa kiasi gani. Mita za ujazo 57 kwa saa 6 ambazo pampu inazunguka ni mita za ujazo 9.5 kwa saa, na hupaswi kuvuta zaidi ya asilimia 60 hadi 70 ya kile kilichoonekana kwenye kipimo cha kupampu cha saa 24 au zaidi. Yaani unataka kisima kilichopimwa mita za ujazo 14 na zaidi kwa saa. Kwenye miamba ya granaiti ya Singida na Dodoma visima vya namna hiyo ni adimu. Hapo unatafuta visima viwili, au unapunguza ahadi. Ukilazimisha, pampu inavuta hewa na mchanga, na mota inaungua. Kidhibiti kiwe na kihisi cha maji kuisha, na kisikatwe na fundi anayeona "kinasumbua".

Paneli zioshwe kwa maji na kitambaa, kila wiki mbili kiangazi. Kivuli cha tawi moja kinaangusha safu nzima. Tangi liwe na uwezo wa angalau mahitaji ya siku moja, kwa sababu watu wanachota alfajiri na jioni, jua linafanya kazi mchana.

Mweka_Hazina

Kwa heshima zote kwa mafundi, mradi unauawa na daftari kabla ya mchanga.

Miaka ya maji ya bure ilitufundisha hilo: dizeli ikiisha hakuna wa kununua, mashine inakaa. Sheria Na. 5 ya 2019 imeanzisha RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) na kuweka vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, hizi CBWSO, na kila kimoja kinatarajiwa kiwe na fundi na mtu wa hesabu wanaolipwa. Wanaolipwa na nini? Na ndoo.

Ndoo ya shilingi 50 ni shilingi 2,500 kwa uniti (lita 1,000). Kwa kijiji cha hapo juu, lita 37,500 ni ndoo 1,875, au shilingi 93,750 kwa siku kama kila tone limeuzwa. Haliuzwi. Masika watu wanakinga maji ya paa, na mauzo yanaweza kushuka hata chini ya nusu. Bajeti ya mishahara ipangwe kwa mapato ya masika. Ziada ya kiangazi iende kwenye akaunti ya pampu mpya, isiguswe kwa posho za vikao.

Weka mita ya mama (mita kuu) kwenye mlango wa kutokea tangini na mita kila kichoteo. Soma zote siku moja kila wiki. Mfano: tangi limetoa uniti 40, vichoteo vimesoma jumla 31, pesa iliyowasilishwa ni ya uniti 27. Uniti 9 zimepotea ardhini, hiyo ni kazi ya fundi. Uniti 4 zimepotea mikononi, hiyo ni kazi ya kamati. Bila mita mbili hizo mtabishana mkutano mzima na kila mtu atamsingizia mwenzake.

Mhudumu wa kituo mlipe kwa asilimia ya uniti zilizosomwa. Akilipwa mshahara wa mwezi hana sababu ya kufungua saa kumi na moja alfajiri. Na wazee, walemavu na wasio na kitu waorodheshwe na mkutano wa kijiji, ndoo zao ziandikwe kwenye daftari kama msamaha. Zisifichwe ndani ya upotevu.

Ndoo_Ishirini

Nimekubali hoja ya mpangilio. Ila bomba la uani alilosema @Kichoteo si litamaliza maji ya kisima?

Mweka_Hazina

Likiwa na mita, mara nyingi linaongeza mapato kuliko linavyoongeza kiu. Hatari ni kuunganisha uani kabla ya kuangalia kisima na ukubwa wa bomba. Anza na wachache walio karibu na tangi, pima kiangazi, ndipo uongeze.

Mlima_Meru

Wakuu wa Arumeru tusisahaulike. Kwetu kisima kirefu ndicho chenye floridi zaidi, watoto wana meno ya kahawia. Watu wanachemsha.

Mpimamaji

Kuchemsha kunaongeza floridi, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Klorini nayo haiigusi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Pimeni kila chanzo peke yake, maana chemchemi mbili jirani zinaweza kutofautiana sana.

Njia inayofahamika kwetu ni mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto. Mifupa ichomwe kwa joto lililodhibitiwa: likiwa dogo maji yatanuka na kuwa na rangi, likizidi mkaa unapoteza nguvu ya kunasa floridi. Kichujio kikijaa hakikwambii, maji yanatoka angavu vile vile. Kwa hiyo andika lita zinazopita, na peleka sampuli kupimwa kila baada ya miezi michache. Mkiwa na chanzo cha floridi ndogo hata cha mbali, kitumieni kwa kunywa na kupikia tu, kisima kifanye mengine. Watoto chini ya miaka minane ndio wa kupewa kwanza, meno yao yanajengwa bado. Na punguzeni magadi kwenye maharage. Magadi ya huko yana floridi nyingi.

Bomba_la_Mserereko

Nyongeza fupi kwa wa milimani, Kilimanjaro, Njombe na kwingineko: mserereko (maji yanayoshuka yenyewe kwa mteremko) hauna dizeli wala paneli, lakini una shinikizo. Bomba la PN6 (PN ni daraja la shinikizo la bomba) linavumilia kimo cha mita 60. Ukishuka zaidi weka tangi la kupunguza shinikizo au tumia PN10. Juu ya kila kilima weka valvu ya kutoa hewa, chini ya kila bonde valvu ya kutoa tope. Bomba likipasuka mara tatu mahali pamoja, acha kuliunga, kapime kimo.

Kwa_Mzee_Juma

@SpanaMoja tumepima glasi. Ya pili angavu na imebaki hivyo mpaka jioni. Kwa Afridev ya kitongoji cha pili, stoo tuweke nini?

SpanaMoja

Basi ni mabomba, ng'oeni. Stoo kwa kila pampu: mipira ya pistoni 2, bobini 4, oringi 2, seti mbili za bushi, fimbo moja ya akiba, kipande kimoja cha bomba na gundi yake. Gundi angalia tarehe, ikikauka kopo ni takataka. Funguo za stoo ziwe na watu wawili, na mmoja wao awe mama anayeishi karibu na pampu.